Kuchanganya matairi ya baridi na ya kawaida kwenye gari moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Theluji ya kwanza ikianguka, simu za kwenye gereji hazipumziki, na nusu ya wanaopiga wanataka kujua jambo lilelile: "Fundi, nikinunua mawili tu itakuwaje?" Ukurasa huu umeandikwa kwa Waswahili wenzangu mnaoendesha magari huko Malmö, Oslo, Hamburg, Montreal, Minneapolis na kwingineko kwenye barafu. Wa Mombasa na Dar es Salaam pia wana sehemu yao huku chini, kwa sababu matairi ya theluji yanawafikia kupitia bandarini bila hata kuagizwa.

Kama huna muda wa kusoma yote: funga manne ya aina moja. Mengine ni maelezo ya kwa nini.

Kwani yanatofautiana nini? Si yote ni mpira mweusi?

Weusi ni uleule, mpira siyo. Tairi la kawaida, yaani la majira ya joto, limetengenezwa livumilie lami ya moto bila kulegea. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, mpira wake huanza kukakamaa. Hiyo 7 haikuwekwa na sheria yoyote. Ni kipimo cha mafundi tu, na tairi halibadiliki ghafla kutoka 8 kwenda 6. Lakini ikifika nyuzi 10 chini ya sifuri, libonyeze kwa kidole gumba asubuhi kabla hujawasha gari. Halibonyei. Mpira usiobonyea haushiki barabara iliyoganda.

Tairi la baridi lina mpira wa asili zaidi na silika (madini ya mchanga), kwa hiyo linabaki laini kwenye baridi kali. Kisha inama ulitazame jino moja tu la tairi hilo. Utaona limekatwakatwa vijistari vyembamba vilivyopindapinda, vyembamba kiasi cha kupitisha wembe. Tairi linapokanyaga, vijistari hivyo vinafunguka, vinauma theluji na kunyonya ule utando wa maji unaokaa juu ya barafu. Mifereji yake nayo ni mipana ili inase theluji na kuibeba, maana theluji hushikana na theluji vizuri kuliko inavyoshikana na mpira.

Pesa yangu inatosha mawili tu, na gari langu linavuta kwa mbele. Niyafunge mbele, sivyo?

Hapana. Najua jibu hili linaudhi, kwa sababu mantiki yako ni safi: mbele ndiko kunakovuta, ndiko kunakokata kona, ndiko kunakobeba sehemu kubwa ya breki. Lakini huo ndio mpangilio wa hatari kuliko yote.

Hebu twende nayo polepole. Unatoka barabara kuu kwa njia ya pembeni yenye kona, mwendo kama 60. Unagusa breki. Uzito wa gari unaegemea mbele, na nyuma, ambako kwenye gari la namna hii tangu mwanzo palikuwa pepesi, panazidi kuwa pepesi. Matairi ya mbele yanashika, usukani unaitika, pua ya gari inaingia kwenye kona vizuri kabisa. Nyuma hakuna kinachoshika. Mkia unaendelea na safari yake ya moja kwa moja, unatoka nje ya kona, na kabla hujafikiri uelekeze wapi usukani, gari limekaa ubavu katikati ya barabara au limegeuka linatazama lilikotoka. Anayekuja nyuma yako atakukuta ubavuni, kwenye mlango. Mbele una injini na chuma kirefu cha kupokea pigo, lakini ubavuni kuna bati, kioo na bega lako.

Na kuna jambo baya zaidi: gari lililofungwa hivi linadanganya. Likiondoka kwenye taa halitelezi, kilima linapanda, theluji ya maegesho linaikanyaga bila shida. Dereva anapata imani, anaongeza mwendo. Matairi ya nyuma hayamtumii onyo lolote mpaka siku anapofunga breki ndani ya kona.

Lakini mawili si afadhali kuliko sifuri? Nusu ya usalama si usalama?

Usalama wa gari haugawanyiki hivyo. Fikiria watu wawili wamebeba kabati kwenye sakafu iliyolowa, mmoja kavaa buti zinazoshika, mwingine ndala zilizoisha. Anayeshika akisimama au akikata kona ghafla, ndiye anayemwangusha mwenzake. Gari lenye matairi manne ya kawaida kwenye theluji ni gari baya, lakini ubaya wake ni wa mwili mzima: litateleza mapema, utalisikia mikononi, utaendesha kwa woga au utaliacha nyumbani. Lile la mchanganyiko lina ncha mbili zisizoelewana, na dereva anasikia ile ncha nzuri peke yake.

Basi niyafunge nyuma?

Mkia hautatoka, kweli. Tatizo linahamia mbele. Unazungusha usukani, magurudumu yanageuka, gari linaendelea moja kwa moja kuelekea kwenye makutano. Na kwa kuwa breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kusimamisha gari, umeiweka kazi hiyo kwenye matairi mabovu kuliko yote uliyonayo.

Kwa hesabu ya fizikia ya sekondari, gari linalokwenda 50 km/h kwenye lami kavu yenye mshiko wa 0.8 (namba ikiwa ndogo, utelezi ni mkubwa) linahitaji kama mita 12 kusimama tangu breki inapokamata. Mshiko ukiwa 0.3, kiwango cha kawaida kwenye theluji iliyoshindiliwa ukiwa na tairi linalofaa, ni mita 33. Ukishuka hadi 0.2 ni karibu mita 50, na kwenye barafu tupu ya 0.1 zinakaribia 100. Tofauti kati ya 0.3 na 0.2 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kivukoni, hizo mita 16 za nyongeza ndiyo nafasi aliyosimama mtoto.

Halafu, gari la kuvuta kwa mbele lenye matairi ya kawaida mbele halitapanda hata mteremko wa kutokea gereji ya chini ya jengo lako.

Watu hunijibu: "Lakini watengenezaji wenyewe wanasema matairi mapya yafungwe nyuma." Wanasema, na wako sahihi, ila wanazungumzia matairi ya aina moja ambayo mawili yamechakaa zaidi. Ushauri huo haukutolewa kwa ajili ya kuchanganya baridi na joto.

Na nikiweka moja mbele kulia, moja nyuma kushoto?

Usifanye. Ukikanyaga breki, upande mmoja unashika na mwingine unateleza, na gari linazunguka lenyewe bila hata kona. Matairi ya ekseli moja, yaani mawili ya mbele au mawili ya nyuma, lazima yafanane, huo ndio msingi wa sheria karibu kila nchi ya Ulaya.

Gari langu ni jipya, lina ABS, ile breki isiyoruhusu magurudumu yajifunge, na mfumo wa kuzuia kuserereka. Hiyo si inatosha?

Mifumo hiyo ni mizuri na imeokoa watu wengi. Lakini haina uwezo wa kutengeneza mshiko ambao tairi halina. Inachofanya ni kugawa ule uliopo.

Mfumo wa kuzuia kuserereka unalinganisha mahali ulipoelekeza usukani na mahali gari linapokwenda kweli. Mkia ukianza kutoka, unafunga breki ya gurudumu la mbele la upande wa nje ili kulirudisha gari kwenye mstari. Pua ikigoma kukata kona, unafunga breki ya gurudumu la nyuma la upande wa ndani. Sasa jiulize: kama gurudumu hilo la nyuma limevaa tairi gumu la kawaida na liko juu ya barafu, breki hiyo itasaidia nini? Kompyuta imetoa amri sahihi, ila aliyepewa kazi hana nguvu.

ABS nayo kwenye magari mengi huisimamia breki ya nyuma kwa kufuata gurudumu lenye mshiko mdogo. Moja likianza kuteleza, breki inalegezwa pande zote mbili. Kwa hiyo hata tairi moja bovu nyuma linavuta lenzake chini.

Nina Subaru, inavuta magurudumu yote manne. Nadhani sisi hatuhusiki.

Mnahusika mara mbili. Kwanza, kuvuta kwa miguu minne kunasaidia kuondoka. Kusimama na kukata kona ni kazi ya tairi, na hapo gari lako ni sawa na la jirani. Magari mengi ninayoyaona mtaroni asubuhi ya barafu ni ya miguu minne, na si bahati mbaya: ndiyo yanayofika mwendo mkubwa upesi.

Pili, utaua gia. Tairi la baridi na la kawaida, hata yakiwa na saizi moja ubavuni, mara nyingi hayalingani mzunguko, kwa sababu mtengenezaji ni tofauti na kina cha meno ni tofauti. Gurudumu dogo linazunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita ileile, na tofauti hiyo inameng'enywa mfululizo na difu ya katikati au klachi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Inapata moto, mafuta yanaungua, inakufa. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko kati ya matairi isizidi robo inchi, kama milimita 6. Bei ya kutengeneza sehemu hiyo ingekununulia seti nzima ya matairi na chenji ikabaki.

Majira ya joto yamefika. Naacha mawili ya baridi yaishe tu, kuna ubaya?

Upo, na ndipo watu wanaposhangaa, kwa sababu hatari inageuka upande. Kwenye lami yenye joto, lile tairi la baridi ndilo linalokuwa dhaifu: laini, meno yake yanayumba, linachelewa kusimama, na kwenye mvua ya joto linaelea juu ya maji mapema.

Kwa hiyo gari ambalo Januari lilikuwa na matairi mazuri nyuma, Julai lina matairi mabaya nyuma. Uliyemzoea akigoma kukata kona, sasa anatupa mkia. Dereva amekaa miezi sita akijifunza tabia moja, kisha gari linabadilisha tabia bila kumwambia. Huwezi kuupanga mchanganyiko ukawa salama mwaka mzima, haijalishi ni yapi mbele na yapi nyuma.

Je, matairi ya misimu yote? Naweza kuyachanganya na ya baridi?

Bado ni kuchanganya. Ila hapa tofautisha kitu kimoja, maana wauzaji wengine hawatakwambia. Alama ya M+S, ya tope na theluji, inahusu umbo la mifereji tu. Mtengenezaji anajiwekea mwenyewe, haina mtihani. Alama ya kutafuta ni mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Hiyo ilianza kutumika Marekani na Kanada mwaka 1999, na tairi halipewi mpaka lifaulu jaribio kwenye theluji halisi.

Kuna matairi ya misimu yote yenye mlima huo na kuna yasiyo nao. Yenye mlima, yakiwa manne, yanamfaa sana mtu wa London au Köln ambako theluji inaanguka, inayeyuka, inasahaulika. Kwa Tromsø au Winnipeg sikushauri. Na mawili ya misimu yote mbele na mawili ya baridi nyuma ni mchanganyiko ule ule, umepunguzwa ukali.

Nitajuaje gari nililonunua halijachanganywa?

Lizunguke, chuchumaa kila gurudumu. Usitazame mbele tu, muuzaji mjanja anaegesha gari nyuma ikiwa ukutani. Angalia kila tairi: lina mlima au halina? Lina jina gani? Meno yana vijistari vya wembe au ni mabamba yaliyonyooka?

Kisha tafuta herufi DOT na mwisho wake uone namba nne kwenye kijiduara kirefu. 3821 maana yake wiki ya 38 ya mwaka 2021. Tairi la baridi la miaka kumi linaweza kuwa na meno mazuri na mpira uliokauka. Macho yanakwambia zima, barafu inakwambia vingine.

Kwa wa Ulaya, chomeka sarafu ya euro 1 kwenye mfereji. Ukingo wake wa dhahabu una milimita 3, na wa fedha kwenye sarafu ya euro 2 una milimita 4. Ukingo wa euro 2 usipozama wote, tairi hilo la baridi limekwisha kwa kazi yake, hata kama sheria ya nchi inakuruhusu hadi 1.6.

Yote manne ni ya baridi, lakini majina tofauti.

Inavumilika, mradi ekseli moja iwe na jina moja na muundo mmoja, na kina cha meno kisipishane sana. Yenye meno mengi yafunge nyuma. Hapa ndipo ule ushauri wa watengenezaji unapoingia.

Yenye misumari na yasiyo na misumari je?

Usichanganye, na Sweden na Norway sheria inasema hivyo waziwazi: ukifunga ya misumari, ni magurudumu yote. Kwenye barafu tupu iliyong'aa, msumari unashika mahali ambapo mpira mtupu hauna la kufanya, kwa hiyo pengo kati ya mbele na nyuma linakuwa kubwa mno. Kumbuka pia kwamba misumari hairuhusiwi kila mahali. Ujerumani imeipiga marufuku isipokuwa ukanda mdogo mpakani na Austria, Oslo na Bergen wanatoza ada, na Hornsgatan, mtaa wa Stockholm, uliifungia tangu 2010 kwa sababu inakwangua lami na kuijaza hewa vumbi.

Sheria inasemaje huku tuliko?

Inatofautiana, na inabadilika, kwa hiyo hakikisha kila msimu. Haya ndiyo ya msingi.

Sweden: kuanzia 1 Desemba hadi 31 Machi, barabara ikiwa na theluji, barafu au utelezi wa majira ya baridi, lazima matairi ya baridi yenye kina cha angalau milimita 3. Faini ni kronor 1,200. Finland: Novemba hadi Machi, hali ya hewa ikidai. Norway haikulazimishi jina la tairi kwa gari dogo, inakulazimisha uwe na mshiko wa kutosha na milimita 3 majira ya baridi. Usilisome hilo kama ruhusa.

Ujerumani hakuna tarehe. Wenyewe husema kuanzia Oktoba hadi Pasaka, lakini hiyo ni kauli ya mtaani. Sheria, iliyokazwa Desemba 2010, inaangalia hali ya barabara: ikiwa na barafu au theluji, gari dogo liwe na matairi ya baridi kwenye magurudumu yote, na tangu Oktoba 2024 ni yenye alama ya mlima peke yake, M+S tupu haikubaliki. Faini inaanzia euro 60 pamoja na pointi moja kwenye rekodi ya makosa ya madereva iliyoko Flensburg. Austria: 1 Novemba hadi 15 Aprili, hali ikidai, na kina kisichopungua milimita 4. Ufaransa: maeneo ya milimani, 1 Novemba hadi 31 Machi, manne ya baridi au minyororo ya matairi ndani ya buti ya gari.

Québec ndiyo isiyo na maelezo mengi: 1 Desemba hadi 15 Machi, kuwe na theluji kusiwe, faini dola 200 hadi 300. Ontario hailazimishi, lakini tangu Januari 2016 kampuni za bima zinatakiwa kutoa punguzo kwa mwenye matairi ya baridi. Uingereza hailazimishi. Marekani hakuna sheria ya taifa zima, kila jimbo lina lake, na Minnesota, wanakoishi jamaa zetu wengi, mkazi haruhusiwi kutumia misumari.

Nikipata ajali na matairi mchanganyiko, bima italipa?

Uliyemgonga kwa kawaida atalipwa. Gari lako mwenyewe ndilo lenye shaka: Ujerumani, kwa mfano, kampuni inaweza kupunguza malipo ikionekana ulizembea kupita kiasi. Mkaguzi wa bima akifika, kitu cha kwanza anachopiga picha ni matairi. Soma mkataba wako, na ukiwa huelewi lugha ya huko, mpe mtu akusomee kabla ya theluji.

Nimepata pancha njiani, spea yangu ni ya kawaida.

Ifunge, nenda polepole hadi gereji iliyo karibu, usikae nayo wiki nzima. Kama ni gari la kuvuta kwa mbele na pancha ni ya mbele, na una nguvu na mahali salama pa kupigia jeki, hamisha tairi zima la nyuma mbele na spea iende nyuma, kisha kona zote uzichukue kwa mwendo wa mzee. Kando ya barabara kuu usijaribu, piga simu uvutwe.

Gari langu limetoka Japani, limeshuka Mombasa na matairi ya ajabu ajabu. Ni haya?

Huenda. Hokkaido na pwani ya magharibi ya Japani theluji inaanguka kwa mita, na magari mengi yanauzwa yakiwa na matairi yake ya baridi, mengine yakiwa na mawili ya baridi na mawili ya kawaida kwa sababu muuzaji alitafuta chochote cha kulisimamisha gari. Japani ilipitisha sheria ya kuzuia misumari mwaka 1990 kwa ajili ya vumbi, ndiyo maana haya hayana misumari. Utayatambua kwa neno STUDLESS ubavuni, au majina kama Blizzak, iceGUARD na Winter Maxx, na mara nyingi herufi Q mwishoni mwa saizi, mfano 195/65R15 91Q. Vijistari vya wembe vimejaa kila jino.

Wauzaji wa mitumba wa matairi hapa watakusifia: "Hii laini, boss, haina kelele, inashika." Kwenye lami ya nyuzi 30 na kitu ya Mombasa, ulaini huo ndio ugonjwa. Yanaisha upesi, yanayumba ukikwepa shimo, na masika yakianza yanaelea juu ya maji. Yakiwa mawili nyuma na mbele umefunga mapya ya kawaida, umetengeneza ile hali ya mkia kutoka, safari hii kwenye mvua badala ya theluji, na pengine kwa mwendo wa 100 kwenye barabara ya Nairobi huku lori likija mbele. Kwenye tairi la Kijapani kuna hata vijukwaa vidogo ndani ya mfereji vinavyoonyesha nusu ya meno imekwisha. Vikifikiwa, Mjapani anajua halifai tena kwa theluji. Hapo ndipo mengi yanapoanza safari ya kuja kwetu.

Ushauri wangu: bajeti ya gari la Japani iwe na matairi manne ndani yake, kabla ya redio na kabla ya vioo vyeusi.

Na Njombe, ambako Juni na Julai majani yanaganda? Au Limuru?

Hapana. Umande unaoganda majanini alfajiri haujaifanya barabara kuwa ya theluji, na saa tano jua limeshaipasha lami. Matairi ya kawaida yenye meno yanatosha.

Sawa, nimeelewa. Lakini pesa ya manne bado sina.

Hapa ndipo ninapokaa na mteja kwa muda, kwa sababu kumwambia mtu "nunua manne" na kuondoka si msaada. Kuna njia.

Uliza saizi ndogo inayoruhusiwa kwenye gari lako. Gari lililokuja na rimu za inchi 17 mara nyingi linakubali 15 au 16 zenye tairi jembamba zaidi, na bei inashuka sana. Tairi jembamba kwenye theluji wala si hasara. Imo kwenye kitabu cha gari au kwenye karatasi za usajili.

Tafuta seti ya manne iliyotumika, ikiwa tayari kwenye rimu za chuma. Watu wanauza gari na kubaki na seti stoo, na bei nzuri ni Aprili na Mei, wakati hakuna anayezifikiria. Angalia tarehe ya DOT, kina, na uvimbe ubavuni. Seti ya miaka minne yenye milimita 6 kutoka kwa mzee aliyekuwa akienda nayo kanisani naipenda kuliko mawili mapya.

Kumbuka pia kwamba matairi ya kawaida yanapumzika wakati ya baridi yanafanya kazi. Seti mbili zinadumu karibu mara mbili, kwa hiyo gharama halisi ni rimu na kazi ya kubadilisha.

Kama haya yote hayawezekani mwezi huu, basi wiki ile ya barafu gari likae, upande basi. Ni jibu baya kwa anayeingia zamu saa kumi na moja alfajiri, najua. Bado ni bora kuliko mawili mbele.

Nikibadilisha mwenyewe nyumbani, nizingatie nini?

Andika kwa chaki kila tairi lilipotoka kabla hujalitoa: mbele kushoto, nyuma kulia, na kadhalika. Tazama mshale wa uelekeo ubavuni, maana mengi ya baridi yanazunguka upande mmoja tu. Safisha kutu kwenye habu kwa brashi ya waya, vinginevyo rimu haitakaa sawa na utasikia mtetemo. Kaza nati kwa mpangilio wa msalaba, kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Ukitembea kama kilomita 50 hadi 100, zikaze tena. Na upepo upime asubuhi gari likiwa baridi: kila nyuzi 10 zinazoshuka zinaondoa kama bari 0.1, karibu psi moja na nusu, kwa hiyo upepo uliojaza Septemba hautoshi Januari.